Moto Kwanza, Ndipo Vifaranga Wasafiri

Wanasikika kabla ya gari kuonekana. Sauti nyembamba, mamia kwa mamia, zinapanda kutoka upande wa chini wa soko la Migwani, na Muthoki Kilonzo, aliyesimama mlangoni pa stoo na kikombe cha chai, anaacha kunywa ili asikilize.

"Boksi moja la nyuma limepata joto," anasema.

Ndipo pikapu nyeupe inajitokeza. Dereva Jamal Othman, mwenyeji wa Mwingi, anateremka akinyoosha mgongo. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ametoka Wote, Makueni, na maboksi manane ya vifaranga wa siku moja. Mawili ameshayashusha njiani, katika soko la Tulia. Muthoki hamsalimii. Anainua turubai, anavuta boksi la nyuma na kuchungulia kwenye matundu. Vifaranga wamekaa midomo wazi, wanahema.

"Mama Mutisya, wewe ungezaliwa kuku," Jamal anamtania Muthoki, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Na wewe ungezaliwa turubai. Umewafunika mpaka pumzi."

Muthoki, mwenye umri wa miaka 39, aliingia stoo hii miaka tisa iliyopita kufagia. Leo ndiye anayepokea oda za wafugaji, anayehesabu vifaranga wanaofika, anayewagawa na kuwapangia safari. Analipwa shilingi 22,000 kwa mwezi. Sikio lake hakulisomea popote.

Kazi yenyewe imejaa mivutano. Dereva hutaka mzigo wa mbali upakiwe kwanza, ukae ndani kabisa, kwa sababu ndio utakaoshuka mwisho. Lakini ndani hakuna hewa. Muthoki aliyapatanisha mawili hayo kwa vidole vyake: kati ya boksi na boksi lazima vidole vinne vipite, hata kama gari litabeba machache.

"Oda, hesabu, boksi, gari, simu," anasema. "Kimoja kikilala, hivyo vingine vinahudhuria mazishi."

Mazishi anayoyasema yalitokea Desemba. Kikundi cha akina mama wa Tseikuru, kinachoongozwa na Kalunde Mwangangi, kiliagiza vifaranga 306. Wote walifika wazima, tena mapema. Muthoki alikuwa amewaambia akina mama wawashe jiko la makaa ndani ya nyumba ya kulelea, nao wakacheka. Nani awashe jiko Tseikuru, mahali ambapo hata mbuzi hulikimbia jua? Usiku upepo ukavuma. Vifaranga wakarundikana pembeni wakitafuta joto, wa juu wakiwakandamiza wa chini. Usiku wa pili ulipokwisha, 114 walikuwa wamekufa.

"Mimi nilidhani kazi yangu inaishia mlangoni kwa mteja," anasimulia. "Kumbe hapo ndipo inapoanza."

Tangu siku hiyo ana sharti moja: hakuna kifaranga anayepanda gari mpaka yeye aione picha ya jiko likiwaka.

Leo oda ya pili ya Tseikuru iko sakafuni, maboksi matatu, vifaranga 306 kama awali. Wanachama walitaka kuachana na kuku na kurudia ufugaji wa mbuzi. Kalunde aliwasihi wajaribu mara moja tu. Vifaranga hawa wakifa, kikundi kimekwisha, na njia ya Tseikuru, ambayo Muthoki aliifungua mwenyewe, imefungwa.

Picha haijafika. Simu ya Kalunde haipatikani.

"Jua halimngoji mtu," Jamal anasema inapofika saa mbili. "Tukizidi kuchelewa, saa sita nitakuwa njiani pale Kyuso nimebeba supu."

"Nikikupa sasa utampelekea nani? Upepo?"

Kifaranga wa siku moja anaweza kukaa hata mpaka kesho bila maji wala chakula, kwa kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Asichostahimili ni kuchomwa njiani na kugandishwa afikapo. Muthoki anayasogeza maboksi penye kivuli na kuendelea kuwahudumia wateja wa Migwani. Kila dakika chache anaitazama simu.

Saa tatu kasoro, picha inaingia. Jiko jekundu. Nyuma yake, akina mama wanne wanang'aa kwa jasho. Kisha simu inalia.

"Muthoki mwanangu, nimepanda huu mwamba wa nyuma ya kanisa nikitafuta netwaki," Kalunde anahema. "Moto umewaka tangu alfajiri. Vifaranga hawajafika na sisi tumeshaiva."

Muthoki anacheka mpaka chai inamwagika. Kisha anafanya jambo ambalo si la kazi yake. Anamkabidhi mwenzake Mutanu funguo na kupanda gari kando ya Jamal.

"Leo nafika mlangoni, na ninaingia."

Njiani anamweleza Jamal ndoto yake: stoo ndogo Tseikuru, ambako vifaranga watalelewa wiki mbili za kwanza kabla ya kugawiwa wafugaji. Mara mbili anamsimamisha kivulini waingize hewa.

"Boksi la kushoto wananung'unika," anasema.

"Hao ni siasa. Twende."

Tseikuru, saa sita mchana. Akina mama wameziba pembe za nyumba kwa makaratasi magumu, vifaranga wasipate mahali pa kurundikana. Wanahesabu pamoja: 305. Mmoja hakumaliza safari. Wanapomwagwa karibu na jiko wanalia kwa nguvu, kisha wanatawanyika, na polepole kelele inashuka.

Kalunde anashtuka. "Mbona wananyamaza? Hata Desemba walinyamaza hivi."

"Inama, mwaitu, mama yangu. Sikiliza vizuri."

Kalunde anainama. Si kimya. Ni mnong'ono mwembamba, kama wa watu waliokaa kitako wakipiga soga.

"Hiyo ndiyo sauti ya kifaranga aliyepata joto," Muthoki anamwambia.

"Na usiku je?"

Muthoki anatazama nje. Jamal ameshawasha gari na anapiga honi.

"Nenda, Baba Ilham," anamwambia Jamal. "Mwambie Mutanu stoo ni yake mpaka kesho."

"Umekuja bila hata leso," Jamal anacheka.

Muthoki anavuta kigoda, anakaa, anamgeukia Kalunde.

"Mwaitu, leo silali kwangu. Nitalala hapa kando ya jiko, na moto ukififia nitawasikia kabla hawajaanza kurundikana."