Odile na Theluji ya Vaubreuil

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Odile Lecanu anawasha taa za chumba cha nne katika jumba la makumbusho la mji wake, kaskazini mwa Ufaransa. Ukutani mbele yake pana picha ya kuchorwa ya njia ya shambani iliyofunikwa na theluji.

“Dada Odile, theluji yako haijayeyuka tu?” anamtania Thierry, mlinzi mwenzake.

“Ikiyeyuka utapiga deki wewe.”

Odile, 63, amelinda chumba hiki kwa miaka 31, akisimama saa saba kwa siku. Magoti yamechoka. Mwezi ujao anastaafu.

Njia ile anaijua vizuri. Inapita Vaubreuil, kijiji alikozaliwa, na baba yake, Fernand, aliipita kila asubuhi kwa gari la farasi akikusanya maziwa.

“Nilikaa katikati ya madebe, nimefunikwa blanketi la farasi,” anakumbuka. “Lilinuka, lakini lilikuwa na joto.”

Siku hizi theluji kama ile haianguki tena Vaubreuil.

Vuli iliyopita zilikuja habari kwamba picha itapelekwa Japani kwa miaka miwili. Fernand, mwenye miaka 89, hakuwa ameiona hata siku moja.

“Theluji nimeizoa kwa sepeto maisha yangu yote,” alikuwa akisema kila Odile alipomwalika. “Leo niende kuilipia kiingilio?”

Safari hii Odile hakubishana naye. Aliomba ruhusa kwa mkurugenzi, na Jumatatu moja, jumba likiwa limefungwa, Thierry akamsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha nne.

Fernand aliinama mbele kuitazama.

“Huyu mchoraji alisimama pale kweli,” alisema. “Watu hudhani theluji ni nyeupe. Asubuhi ina buluu.” Kisha akaonyesha geti lililo pembeni mwa picha. “Hapo ndipo nilipomwona mama yako mara ya kwanza. Ameshika ndoo, ananisubiri nipite.”

Odile alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu. Nyumbani hakuna aliyemzungumzia.

“Alivaa nini, baba?”

“Skafu nyekundu. Alijua nitamwona kutoka mbali.”

Wiki hii picha inaondoka. Akistaafu, Odile atahamia Vaubreuil kwa baba yake. Ameshanunua daftari la kuandika anayomsimulia.

“Jana baba aliniambia jinsi mama alivyokuwa akicheka,” anasema. “Sasa nataka kujua alikuwa akiniitaje.”