Uzi wa Nyavu

Harufu ya uzi wa pamba uliolowa hunirudisha Ziwa Mweru. Injini ya lori letu ilikufa, na bila lori samaki wetu wangeozea Nchelenge. Baba alipima nafasi za bolti kwa uzi wa nyavu, akafunga mafundo, tukavuka pamoja na Mama kwa mtumbwi kwenda Kongo kutafuta injini nyingine. Huko mafundo hayakulingana na matundu ya injini tuliyoonyeshwa.

“Tata, hii motere haiko ya kamyo yako,” muuzaji alicheka. “Labda ya mujomba wako.”

Mama aliushika uzi. “Imekunywa maji, njo maana inakuwa mufupi. Tuianike kwanza.”

Tuliuanika juu ya injini yenyewe. Niligeuza uso, nisije nikaupumulia unyevu.

Mchana fundo la mwisho lilikaa juu ya tundu lake. Baba akaanza kuulizia mtumbwi mkubwa zaidi.