Propela ya Rangi ya Fedha

Katika miaka kumi na tisa ya kufanya kazi gereji iliyo nyuma ya duka la spea la Bwana Sherali, hapa Usagara, Fundi Safari hajawahi kunyanyua sauti. Hakuinyanyua hata mwaka jana, alipobebeshwa lawama ambayo ingemfanya mtu mwingine akusanye spana zake na kuondoka.

Yalikuwa mashindano ya magari kwenye barabara ya vumbi, upande wa Maramba. Gari la Sana, binti wa Bwana Sherali, lilikatika propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya sakafu kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kipande kilichokatika kilipasua sakafu kikamfikia gotini. Alishonwa nyuzi tisa. Safari ndiye aliyeipunguza propela hiyo na kuichomelea upya ili itoshe, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Bwana Sherali alimwambia asiliguse tena gari la mwanawe. Safari akajibu, "Sawa, bosi," akarudi kwenye breki za pikapu.

Mafundi wa kijiwe cha kahawa ng'ambo ya barabara wakambandika jina.

"Mzee wa Kukata, leo umekata ya nani?"

"Bado sijapata yako," aliwajibu, na wote wakacheka. Lakini mimi, ninayekaa kaunta nikiandika lebo za spea, nilimwona mara nyingi akichomelea kitu kidogo, kisha akikigonga na kukigonga tena, kama haamini mkono wake mwenyewe.

Jumanne iliyopita, siku nne kabla ya mashindano ya mwaka huu, Sana aliingia gereji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka unichagulie propela."

"Sana, tumeshalizungumza hili," baba yake alisema kutoka mlangoni.

"Tumelizungumza, baba. Lakini goti ni langu."

Zilikuwa mbili juu ya meza, zote zilikuwa zimeshatumika. Moja ilifika jana yake, ina kutu na grisi iliyoganda. Nyingine ilikuwa laini, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi. Hiyo ilikuwa kazi ya Bwana Sherali mwenyewe. Kila Jumapili hukaa barazani kwake na tupa, msasa na brashi, akisafisha spea za wiki. Marehemu baba yake alimfundisha asimpe mteja kitu ambacho yeye mwenyewe angekipokea kwa ncha za vidole.

"Chagua basi," alimwambia Safari. "Hata mtoto anaona ipi nzuri."

Safari alipitisha kidole gumba juu ya ile chafu. Kikakwama kwenye kibati kidogo, ukubwa wa kucha, kilichochomelewa juu ya bomba. Akakipitisha kwenye ile ya fedha; hakikukwama popote. Akarudia. Kisha akainama chini ya meza, akavuta gunia, akatoa kile kipande kilichokatika mwaka jana. Nilidhani kiliuzwa chuma chakavu zamani. Alikikwangua rangi ya fedha kwa bisibisi. Chini yake palikuwa na makovu mawili ya tupa.

"Bosi, vibati vilivyokuwa hapa vilikwenda wapi?"

"Vile vinundu vya kuchomelea? Naviondoa. Siku zote naviondoa. Vinaonekana vibaya."

Safari aliilaza propela ya fedha juu ya vigingi viwili vyenye beringi kuukuu, akaizungusha kwa mkono. Iliposimama, akaweka alama ya chaki upande wa chini. Akazungusha tena. Alama ikarudi chini. Mara ya tatu, chini. Ile ya kutu ilisimama popote ilipotaka.

"Upande huu ni mzito," alisema. "Kiwandani wanapima, kisha wanabandika kibati upande wa pili ili pande zote zilingane. Ukikitoa, pikapu ya mkaa itatetemeka kidogo na dereva atalaumu barabara. Sana anakwenda mia na arobaini." Akakigusa kile kipande kilichokatika. "Na mimi nilipaswa kuipima. Niliiona inang'aa, nikaiamini."

Sana alikuwa ameshika goti lake. Bwana Sherali aliitazama rafu nyuma yangu, ambako propela kumi na moja za rangi ya fedha zilikuwa zimesimama zimepangwa vizuri. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipoteza rangi hivyo.

"Zote?" aliuliza.

"Zote ulizosafisha, bosi."

Bwana Sherali aliniambia niziteremshe, kisha niwapigie simu wote walionunua. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Safari aliingia chini ya gari la Sana kuifunga ile chafu. Bwana Sherali alichukua kitambaa, akanyoosha mkono kufuta grisi kwenye ncha yake iliyojitokeza, mkono ukabaki hewani. Akakiweka kitambaa chini. Akavuka barabara bila kuvaa viatu, mpaka kijiweni, akasimama mbele ya mafundi wenye vikombe.

"Ile propela ya mwaka jana," alisema, nasi tulimsikia hadi gereji, "niliiharibu mimi. Msimwite tena jina lile."

Chini ya gari kitu kilianguka kikalia sakafuni.

Sana aliinama. "Fundi, umemsikia?"

"Nimemsikia," Safari alisema. "Hebu niokotee spana, mwanangu. Imeniponyoka."