Mahali Maji Mekundu Yanapozama

Asubuhi hiyo niliondoka Kadutu, mtaa wa mlimani mjini Bukavu, bila kujua ninakwenda wapi. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, paa la chumba nilichopanga likavuja mpaka godoro likalowa. Nikatia mashati mawili kwenye mfuko, nikashuka. Nilifuata njia ya kando ya kijito kwa sababu ilikuwa inateremka tu. Kijito kilikuwa kimebeba udongo mwekundu wa mlima, chupa za plastiki, vigogo vya migomba, kandambili za mguu mmoja mmoja. Tukatembea pamoja hadi kinapoingia ziwani.

Hapo nilimkuta mama mmoja amesimama kwenye tope, ameshika kamba iliyokatika. Mtumbwi wake ulikuwa umefungwa hapo, mafuriko yakauchukua kabla hakujapambazuka. Ndio aliosafirishia ndizi na mihogo anayouza sokoni, na hakuwa na mwingine. Shemeji zake walikuwa wamekimbia kuutafuta upande wa Ruzizi, mto unaotoka ziwani. Mtumbwi ukiingia kule unapasukia kwenye mawe.

"Maji yote ya Bukavu inaendaka Ruzizi," aliniambia. "Hata mutoto anajua."

Nami nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nilikuwa naangalia chupa. Hazikwenda Ruzizi. Upepo wa alfajiri ulikuwa unashuka kutoka milimani, nyuma yetu, na ulimi mwekundu wa kijito ulikuwa umenyooka mbele yake kuelekea kaskazini, mbali katikati ya maji ya buluu.

"Maman, angalia machupa. Iko inaenda kule."

"Weye ulisomea wapi mambo ya maji?"

"Niliacha masomo mu sixième, mwaka wa sita."

"Basi unanipita. Mimi niliacha mu cinquième." Akaazima mtumbwi mdogo wa jirani, akanirushia kasia. "Kama unanidanganya, papa, utarudi kwa kuogelea."

Tulipiga kasia ndani ya wekundu ule kwa muda mrefu. Kisha ukaisha. Haukufifia kidogo kidogo. Uliisha ghafla, kama nguo inavyoishia kwenye pindo. Mbele yetu palikuwa na mstari wa povu, na kwenye povu takataka zote za Kadutu zimepanga foleni. Upande wetu maji yalikuwa mekundu, upande wa pili safi. Nilitia mkono huku: baridi. Nikautia kule: uvuguvugu. Nikainama zaidi, na chini ya maji safi nikauona wekundu ukiendelea, ukishuka polepole gizani kama moshi uliopinduliwa.

Kijito hakikuwa kimeisha. Kilikuwa kimezama. Kwa uzito wa udongo na baridi ya mvua kilikuwa kinatembea chini ya ziwa, na kila kisichoweza kuzama kilikiacha hapo juu. Miaka yote niliyoishi mjini, nikiruka kijito kile na kukitemea mate, sikuwahi kujiuliza kinalala wapi. Niliacha kupiga kasia.

"Papa, ulikuja kusali ao kutafuta?"

"Maman, chenye kinaelea hakiwezi kuzama na haya maji. Kinabakia hapa. Tufuate povu."

Akatazama povu, akanitazama mimi, akageuza mtumbwi.

Tuliufuata mstari ule, tukichungulia kila gogo. Karibu na saa sita upepo ukalegea, ukakata kabisa, kisha ukarudi ukitokea ziwani. Mstari ukapinda mbele ya macho yetu, ukakatika vipande. Mawimbi yakainuka, yakakoroga wekundu na buluu mpaka vikawa rangi ya chai ya maziwa, na upepo ukaisukuma rangi hiyo hadi kwenye ukingo wa rasi moja iliyoingia ziwani, ukaibana hapo kama ukanda. Ulichokitandaza asubuhi sasa ulikuwa unakikunja. Maji yakaanza kuingia kwetu, nami nikawa nayachota kwa kopo.

Mama hakutania tena. "Kama haikuzama, iko kule mu matete," alisema, na toka hapo aliongoza yeye.

Mtumbwi ulikuwa kule, umejaa maji hadi mdomoni, na mwanamume mwenye kofia ya sufu alikuwa ameufunga kwenye mti.

"Ni yangu!" mama alipiga kelele kabla hatujafika.

"Kila mutu atasema ni yake. Alama yake?"

"Ndani, nyuma. Kuna tundu, niliziba na kambambili ya buluu."

Mwanamume akaingia majini mpaka mabegani, akapapasa, akacheka. "Na iko ya muguu ya kushoto!"

Mama alikaa pale pale kwenye maji na kitenge chake, mkono juu ya ubao wa mtumbwi. Kisha akaniambia, "Hautaogelea."

Mawimbi hayakuturuhusu kurudi siku hiyo. Mke wa yule mwanamume alimpa mama kitanda cha binti yake aliyeolewa. Mimi nilipewa chumba cha maharage, mkeka, na msumari wa kutundikia mashati. Sikuwahi kufika kwenye rasi ile. Mwenyeji akaniuliza natoka wapi.

"Kadutu."

Akaniita uani, akafunua sufuria ya maji waliyochota mchana ule. Yalikuwa mekundu.

"Udongo yenu ilifika mbele yenu," alisema. "Tunangojea ilale chini, ndiyo tupike."

Tukachuchumaa kando ya sufuria, sisi wote wanne, tukiangalia Kadutu ikishuka chini polepole.