Dakika Thelathini na Moja

Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba wake chini wala kujibu salamu ya mtu, Mama Dakika huitazama saa yake ya mkononi, huisogelea kalenda ya ukutani na kuandika namba ndogo kwa penseli ndani ya kisanduku cha siku hiyo. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Siku ya mvua, thelathini na tatu. Hizo ndizo dakika alizotembea kutoka mlango wa nyumba yake hadi mlango wa ofisi. Akishaandika ndipo anapogeuka na kusema, "Haya wanangu, mmeamkaje?" kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Dereva wa idara, ambaye ndiye aliyempa jina hilo, alishamuuliza namba zile ni za nini.

"Ni za kalenda," alijibiwa.

Ofisi yenyewe ni chumba cha mwisho katika jengo la elimu la wilaya, kati ya masijala na choo ambacho ufunguo wake hukaa mfukoni mwa dereva. Kuna meza mbili na kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haifunguki mpaka uipige goti. Nilipoajiriwa kwa mkataba kutunza mafaili, masijala haikuwa na nafasi ya kiti, nikapewa meza ya pili humo. Kwa hiyo nimekaa na Mama Dakika miezi minane, uso kwa uso, na mengi ninayoyajua juu yake niliyapata kwa kunyamaza.

Ana miaka hamsini na sita. Kwenye karatasi yeye ni msaidizi wa mipango. Kwa miguu, yeye ndiye anayepima njia za watoto. Kijiji kikiomba darasa au mtaa ukilalamika kwamba shule iko mbali, hutumwa yeye atembee kutoka nyumba ya mwisho hadi shuleni, kisha aandike dakika. Kanuni ya wilaya husema mtoto wa darasa la kwanza asitembee zaidi ya dakika arobaini kufika shule.

Mwaka huu swali lilikuja limegeuka. Hapakuwa na aliyeomba shule. Kiwanda cha magunia kilifungwa zamani, vijana wakahamia nyumba mpya ng'ambo ya barabara kuu, na waliobaki wanazaa wawili pale mama zao walipozaa sita. Madawati yakabaki matupu. Likaja agizo kwamba kabla ya mwaka mpya wa masomo shule moja ifungwe, na zilizotazamwa zilikuwa mbili: ile ya mlimani tunayoiita Bati Jekundu, yenye watoto hamsini na wanane, na ile ya Kiwandani, yenye themanini na watatu.

Hesabu ilionekana nyepesi. Ikifungwa Bati Jekundu, watoto wake watashuka hadi Kiwandani, dakika thelathini na moja kwa mujibu wa faili. Ikifungwa Kiwandani, watoto wake watakwenda shule kubwa ya Stendi, dakika ishirini. Njia zote mbili zilikuwa ndani ya arobaini.

"Basi inaondoka ndogo," alisema Mwenyekiti wa kamati, mkandarasi mstaafu anayependa mambo yaishe kabla chai haijapoa. "Hamsini na nane na themanini na tatu. Hapo hata wa chekechea anajibu."

Mama Dakika alirudi kutoka kikao kile akiimba chini chini. Kitinda mimba wake anafundisha Kiwandani. Ni Mwalimu mwembamba, mcheshi, ambaye kwa miaka sita ameigeuza stoo ya shule kuwa chumba cha kusomea. Rafu amezipiga misumari mwenyewe kwa mbao za kiwanda, na vitabu amevikusanya mlango kwa mlango. Mimi mwenyewe nimeazima humo zaidi ya mara moja, nikaandikishwa kwenye daftari chini ya mtoto wa darasa la nne. Wiki ile Mama Dakika alileta mkate mzima ofisini, akatukatia vipande vinene.

Lililobaki lilikuwa kunakili zile dakika kwenye jedwali jipya kwa ajili ya kikao cha mwisho. Akaniomba faili la zamani. Niliipiga goti droo ya tatu, nikamletea.

"Ee, tazama mwandiko wangu ulivyokuwa mzuri!" alisema, akanigeuzia karatasi. "Nani angeamini?"

Ilikuwa na tarehe ya miaka ishirini na minne nyuma. Alichukua kalamu, akaandika "31", kisha kalamu ikasimama. Akainama chini ya meza, akavuta boksi. Sikuwahi kujua mna nini humo. Mlikuwa na kalenda, miaka na miaka ya kalenda, kila moja imekunjwa na kufungwa kwa mpira. Alitafuta ya mwaka ule, akaitandaza mezani, akaikandamiza pembe moja kwa stepla na nyingine kwa kikombe changu.

"Kumi na saba," alisoma. "Kumi na saba. Kumi na sita. Kumi na saba." Akainua macho ukutani. "Ishirini na nane. Nyumba ni ile ile. Ofisi ni hii hii."

Alikaa akizitazama kalenda mbili kwa zamu, kama mtu aliyeletewa wageni wawili wenye jina moja.

"Mwanangu, hizi thelathini na moja ni za nani?"

Nilitazama sahihi chini ya karatasi.

"Ni zangu mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mkononi sina hata mfuko, natembea kama mwenye habari njema. Kanuni inasema mtoto. Hakuna mtoto aliyepimwa hapa."

Asubuhi iliyofuata aliandika namba yake, akachukua saa ya pili ya akiba, akanipa daftari nibebe, na tukapanda gari la idara. Njiani dereva alimtazama kwenye kioo.

"Mama Dakika, lakini unajua tunachokwenda kukifungua kinaweza kufunga kingine?"

"Wewe shika usukani."

Nyumba ya mwisho ya upande wa Bati Jekundu ina ua wa miti iliyopandwa kwa mstari, na ndani yake bibi mwenye mashaka. Mjukuu wake, msichana wa miaka saba, alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mnampeleka wapi mjukuu wangu?"

"Mpaka Kiwandani, mama, kisha namrudisha kwa gari."

"Na akichoka njiani?"

"Akichoka, naandika."

"Na hii kazi mliisomea?"

"Huyu ndiye aliyesoma," alisema Mama Dakika, akanionyesha kwa kidole. "Mimi natembea tu."

Bibi alicheka, akamfunga mtoto kamba za viatu. Mama Dakika aliinama. "Leo mimi nakufuata wewe. Tembea kama siku zote."

Msichana alitutii kuliko tulivyotaka. Alishuka mteremko kwa kona, kwa sababu moja kwa moja kunateleza. Akasimama kutoa jiwe kwenye kiatu, na alipolitoa akalitazama, akaliweka mfukoni. Akamsalimu mbwa mmoja kupitia wavu wa ua, akangoja ajibiwe. Kwenye daraja la miguu alipita katikati kabisa, taratibu, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba za begi. Mimi nilivuka vile vile. Kwenye njia ya reli tulikuta treni ya mizigo, akahesabu mabehewa kwa sauti.

"Ishirini na mawili," alisema.

"Umelihesabu la mbele?" Mama Dakika aliuliza, uso umemchangamka.

"La mbele si behewa, Bibi. La mbele ndilo linalovuta."

"Ni kweli. Andika ishirini na mawili," aliniambia, nami niliandika, ingawa jedwali halikuwa na nafasi ya mabehewa.

Tulifika geti la Kiwandani baada ya dakika hamsini na mbili. Kesho yake tulirudia. Hapakuwa na treni, mbwa alikuwa amelala, na zilikuwa arobaini na tisa.

Mwalimu alitukuta getini siku hiyo ya pili. Mama yake alimwonyesha daftari. Alilisoma, akalisoma tena.

"Mama, nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mama Dakika alirudisha daftari mkobani. "Bado njia ya Stendi. Nayo haijapimwa na mtoto."

Hapo Mwalimu akapata nguvu. "Kama ni hivyo, chukua Kobe."

Kobe ni mtoto wa darasa lake, anakaa nyumba ya mbali kuliko zote upande ule, na huchelewa kila siku iendayo kwa Mungu. Mwalimu alishaacha kumuuliza sababu, kwa kuwa zote zilikuwa za kweli. Nilielewa anachotumaini. Njia ya Kobe ikipita arobaini, zote mbili zingekuwa zimezidi, na kamati ingelazimika kuanza upya.

Lakini Kobe, alipoona amepewa mtu mzima mwenye saa mbili, alichomoka kama mshale.

"Mbona unakimbia, mjukuu wangu?"

"Sikimbii, Bibi. Nafanya mtihani."

Dakika ishirini na tatu. Mwalimu alipiga kelele kwamba hiyo haihesabiki, na mama yake akakubali kwamba haihesabiki, akaikata kwa mstari. Kesho yake tulimfuata Kobe kwa nyuma, hatua hamsini, bila yeye kujua, maana kwao walikuwa wamemwambia tu asubuhi hiyo aende moja kwa moja Stendi. Alifuata mkokoteni wa makreti matupu kwa muda mrefu. Akasoma bango zima la duka la rangi, mpaka namba ya simu. Thelathini na tatu. Siku ya tatu Mama Dakika alitaka tena. Nilimwona akimtazama Kobe kwa mbali, kisha saa, kisha Kobe, na midomo yake ikicheza kama anayemwomba mtoto yule asimame kidogo tu, afunge hata kiatu. Kobe alikuwa amevaa ndala. Thelathini na nne.

"Bado sita," alisema Mwalimu.

"Bado sita," alisema mama yake.

Kikao cha mwisho kilifanyika chumba cha mikutano, chenye feni moja inayozunguka na moja inayotazama. Mama Dakika aligawa jedwali lake jipya. Mwenyekiti alivaa miwani.

"Watu wamelala na hesabu moja, wewe unaamka na nyingine? Hapa palikuwa na thelathini na moja. Sasa naona hamsini na mbili, arobaini na tisa. Mlima umerefuka?"

"Hapana, Mwenyekiti. Zile zilikuwa za miguu yangu. Hizi ni za mtoto."

"Huyo mtoto alikuwa anacheza njiani."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Ana miaka saba."

Mtu alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti aliinua karatasi ya zamani. "Na hii sahihi?"

"Ni yangu. Na kosa ni langu. Nilitakiwa kumpima mtoto, nikajipima mwenyewe."

"Kwa miaka ishirini na minne?"

"Kwa miaka ishirini na minne."

Aliweka karatasi chini, na sauti yake ikashuka. "Mama, ukiiondoa Bati Jekundu kwenye orodha hii, ya kufungwa inabaki Kiwandani. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Na unajua nani anafundisha pale?"

"Nilimzaa."

Chai ilipoa siku ile. Walibishana mpaka mchana, mmoja akataka kanuni ibadilishwe, mwingine akauliza kama treni inaweza kubadilishiwa saa. Mwishowe walipiga kura, watano kwa wawili. Bati Jekundu ikabaki na watoto wake hamsini na wanane. Kiwandani itafungwa mwisho wa mwaka.

Sitasema kwamba kila mtu alifurahi. Wazazi wa Kiwandani walikuja ofisini na bango, na Mama Dakika akawapa viti viwili tulivyonavyo, sisi tukasimama. Mwalimu amepangiwa Stendi. Rafu zake zilikuwa ndefu kuliko mlango wa stoo, maana alizijengea humo humo ndani, ikabidi zing'olewe ubao mmoja mmoja. Nilikwenda kusaidia kufunga vitabu kwenye maboksi. Mama yake alikuja pia, akashika kamba pale alipoambiwa ashike. Kwa wiki tatu yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yao: shika hapa, legeza, kaza. Juzi, nilipokuwa nafika ofisini, nilimsikia Mwalimu kwenye simu ya mama yake, sauti imetoka nje: "Haya, leo ngapi?" Na Mama Dakika akasema, "Ishirini na tisa, goti linanisumbua."

Kwenye kalenda, pembeni, sasa kuna orodha nyingine kwa penseli ile ile. Ni njia kumi na tisa alizowahi kuzipima wilaya nzima kwa miguu ya ujanani. Mbili zimepigwa mstari.

Miezi yote hii nilikuwa na swali moja, na kila nikilifikisha ulimini linarudi. Jana jioni, tukiwa tunafunga madirisha, lilitoka.

"Mama, ungeiacha tu ile thelathini na moja, hakuna ambaye angekuuliza. Kwa nini ulikwenda kuipima tena?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo rahisi mno.

"Sikujua ni dakika ngapi."