Vidole Viwili Kwenye Kola

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2008, saa tatu asubuhi, Amisa Radjabu alisimama mbele ya wanafunzi thelathini na wawili wa shule moja ya binafsi mjini Gitega, Burundi, ajaribiwe kazi ya kufundisha Kiingereza. Nafasi ilikuwa moja. Akiikosa, angerudi Kigoma kwa shangazi aliyemlea tangu vita vya 1993, na kumwacha tena baba yake peke yake Muyinga.

Baba huyo, mzee Radjabu, hushona mashati karibu na soko. Hamkabidhi mteja shati kabla hajapitisha vidole viwili kati ya kola na shingo. Jumapili iliyotangulia, alipomwona binti yake ameshindwa kula, alimtania: "We mwalimu, kola imekaza? Na hata kola haujavaa!"

Amisa akapata somo lake hapo.

Mkuu wa shule alitaka neno moja tu, lifundishwe bila kamusi wala Kifaransa. Amisa aliandika ubaoni: *anxious*. Alieleza kwamba Waingereza walilichukua kutoka Kilatini, na kwamba shina lake huko lilimaanisha kubana, kukaba koo. Kisha akamwita mwanafunzi mmoja, Mustafa, afunge kifungo cha juu cha shati lake la sare la mwaka jana.

"Unasikiaje?"

"Inanikaba, madamu."

"Basi *anxious* ni nini?"

"Ni shati ndogo!"

Darasa likaangua kicheko. Mkuu wa shule akaandika kitu kwenye daftari. Amisa aliliona kosa: alitanguliza asili ya neno, maana akaiacha nyuma. Akajaribu kupitisha vidole viwili kwenye ile kola, havikuingia. Akamfungulia Mustafa kifungo.

"Sasa, papa yako kaenda sokoni Gashoho. Magari yote yamerudi, yeye hayumo. Kifungo kiko wazi. Koo je?"

Mustafa akajishika shingo. "Inakaba vilevile."

"Hilo ndilo neno."

Msichana wa nyuma akadakia: "Madamu, mama yangu iko *anxious* kila nikileta bulletini ya maksi za shule!"

Safari hii hata mkuu wa shule alicheka. Baadaye, ofisini, alimwambia Amisa: "Maana kwanza, asili baadaye." Akampa muhula mmoja wa majaribio.

Jumatatu, tarehe 20, Amisa anaanza na darasa la saba. Ijumaa ya wiki hiyo atapanda gari kwenda Muyinga kwa baba yake.