Kafuri kwenye Karatasi

Neno la kwanza nililomwambia yule muuguzi wa Kichina lilikuwa "Bu xing." Ndilo tunalowatupia wenye maduka ya soko la Liuhua wakitaja bei ya wazimu: haiwezekani, tafuta mjinga mwingine. Mwanangu alikuwa na siku tatu. Muuguzi alikuwa amemshika kisigino kwa mkono mmoja, sindano kwa mkono wa pili, na pembeni ameweka kadi yenye viduara vya kujazwa damu.

"Bixu," akanijibu. Lazima. Watoto wote wanaozaliwa hapa hupimwa magonjwa ya kurithi.

Nikamwambia mtoto haumwi, ananyonya kama ndama, damu ya nini? Akamchoma. Mtoto akalia na mimi nikalia, nikamtukana yule dada kwa Kiswahili cha Tanga, tusi juu ya tusi, naye akatabasamu akidhani namshukuru.

Nilikuwa na sababu. Mdogo wangu wa kiume alikufa akiwa na majuma matatu, mimi nikiwa na miaka sita. Nakumbuka pamba, na harufu ya kafuri aliyopakwa kabla ya sanda. Nakumbuka zaidi yaliyosemwa baadaye, kwamba maziwa ya mama yana sumu. Shangazi, dada yake baba, aliyasema mbele ya watu waliokuja matangani, na mama akainama akaendelea kukoroga uji. Tangu siku ile, mtu anayemtafutia kasoro mtoto mchanga namwona mchawi tu.

Wiki mbili baadaye hospitali ikapiga simu: turudi, kipimo kirudiwe. Kikarudiwa, jibu likawa lile lile. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alisemea kwenye simu yake, na simu ikatoa Kiswahili cha ajabu ajabu. Damu ya mtoto ina upungufu wa kimeng'enya kimoja. Si ugonjwa wa kumlaza kitandani, atakua na kucheza kama wenzake, lakini vitu fulani vikimfikia, chembe za damu yake zitapasuka, macho yatakuwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya strungi. Akanipa karatasi yenye orodha. Simu ikaisoma na mimi nikaandika Kiswahili pembeni kwa kalamu: baadhi ya dawa za malaria, baadhi ya antibiotiki, maharage mapana, kafuri.

"Kafuri?" nikauliza.

Simu ikarudia: kafuri.

Kwetu kafuri ni ya maiti. Nilisimama. "Daktari, unamvika mwanangu sanda naye yu hai?" Sijui simu ilimtafsiria nini, maana aliitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa. Niliikunja ile karatasi nikaisokomeza kwenye pochi. Nani angemsogezea mtoto wake kafuri?

Tulirudi kwa treni ya metro, mimi na mume wangu. Yeye hununua mikoba kwenye soko la Shiling na kuipeleka Dar, na amezoea kuficha kasoro ya mzigo mpaka mteja aondoke.

"Tusimwambie mtu," akasema. "Daktari amesema mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake. Watakusema wewe. Kwetu ugonjwa huu haupo."

"Kwenu haupo ugonjwa, au hakipo kipimo?"

Akageuka kutazama majina ya vituo.

Wiki hiyo hiyo likaja begi la mama, limeletwa na mfanyabiashara mmoja wa Tanga. Mama alikuwa amelizungushia nailoni tabaka kwa tabaka. Ndani, alisema, mna kanga kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe, za kumfunikia mjukuu siku ya arobaini, na nisilifungue kabla. Nikalisukuma chini ya kitanda tunacholalia na mtoto.

Siku mbili kabla ya arobaini nilikwenda mtaa wa Yide Lu kutafuta tende, mtoto mgongoni. Kwenye duka la vitu vikavu, kando ya mizani, kulikuwa na pakiti za vidonge vyeupe. Juu yake herufi tatu. Ya mwisho niliifahamu, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye ubao wa muuza supu ya madonge ya samaki mtaani kwetu. Nikajiuliza hizi herufi nimeziona wapi tena. Nikatoa ile karatasi, nikalinganisha. Zilikuwa zile zile, na pembeni yake mwandiko wangu: kafuri.

"Laoban, hii ni nini?" Mwenye duka akafungua pakiti moja akanisogezea puani.

Ilikuwa harufu ya sanduku la mama. Naftalini, vidonge vya kufukuzia nondo na mende; simu ndiyo iliyoviita kafuri.

Tende sikununua. Nilirudi kwa teksi, nikamtia mtoto mikononi mwa baba yake, nikaliburuta begi hadi roshani na kufunga mlango wa kioo nyuma yangu. Nilipoipasua nailoni, katikati ya kila doti kulikuwa na vidonge viwili vyeupe. Nikampigia mama.

Nilimweleza yote: damu, orodha, vidonge. Nilitegemea afoke kwamba namkatalia zawadi. Badala yake akauliza:

"Mkojo unakuwaje, ulisema?"

"Mweusi, mama. Kama strungi."

"Na macho manjano."

"Ndiyo."

"Mdogo wako nilimviringisha kanga za sanduku hilo hilo. Basi nilimuua mimi?"

Hasira niliyokuwa nayo kwa muuguzi, kwa daktari na kwa mume wangu ikapata mwenyewe: yule aliyesema maziwa yana sumu. "Hukumuua. Huenda zilikuwa kanga, huenda ni dawa waliyompa, hakuna atakayejua. Lakini maziwa yako hayakuwa na sumu, mama. Wewe hukupewa karatasi."

Nilimsikia akipenga kamasi.

"Itume," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo wa baba yako. Shangazi yako yupo humo, na ana wajukuu wawili wachanga."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya kioo na mtoto begani. Alikuwa amesikia, na alikuwa akinitikisia kichwa nisitume. Nilitandaza karatasi juu ya kanga, nikakata neno kafuri, nikaandika naftalini kwa herufi kubwa, nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la ukoo wetu, kisha la ukoo wake.

Shangazi ndiye aliyeandika wa kwanza. "Nani huyo mwenye damu mbovu?"

"Mwanangu," nikamjibu. "Ameipata kwangu, na mimi kwa mama. Wapimeni wenu."